Kimya Kilichobaki Melini

Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sizungumzii marafiki wa mtandaoni. Nazungumzia Kanisa la Marafiki, wale ambao Waingereza wa zamani waliwabandika jina la Quaker, yaani watetemekao, kwa dharau, na jina likakwama. Hapa kwetu wanapita laki moja, na wengi wao wako magharibi: Vihiga, Kakamega, Bungoma, Trans Nzoia. Ukipanda matatu Webuye kuelekea Kitale utapita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na hutakosa kuona kibao cha Friends njiani, kama si cha shule basi cha hospitali, kama si cha hospitali basi cha kanisa la mabati lenye spika mbili mlangoni.

Hizo spika ndizo zilizonifanya niandike haya. Dini hii ilianza Uingereza miaka ya 1650 ikiwa dini ya kimya. Hakukuwa na mchungaji, hakukuwa na kwaya wala mimbari. Watu waliingia kwenye chumba, wakaketi, wakanyamaza. Mtu akiguswa na Roho alisimama, akasema maneno machache, akaketi, na kimya kikaendelea pale kilipoachwa. George Fox, aliyewakusanya Marafiki wa kwanza, alishikilia kwamba Mungu husema na kila mtu moja kwa moja. Kazi yako wewe ni kuacha kupiga domo ili usikie. Mpaka leo Marafiki wengi wa Uingereza huabudu hivyo hivyo, saa nzima, bila wimbo hata mmoja.

Mimi nimezaliwa ndani ya kanisa hilo, Kitale. Sikubatizwa kwa maji kwa sababu Marafiki hawabatizi kwa maji, jambo ambalo shuleni lilinifanya niulizwe kila muhula kama kweli mimi ni Mkristo. Nimeimba kwaya. Nimebeba spika kichwani kutoka barabarani hadi kanisani siku betri ya boda ilipokufa. Lakini katika miaka yangu ishirini na sita sikuwahi kukaa kimya kanisani kwa dakika tano mfululizo. Hata maombi ya kimya kwetu yana kinanda nyuma yake.

Mara ya kwanza kukaa kimya kwa makusudi ilikuwa mwaka jana, kwenye mafungo ya siku mbili na nusu nje ya Kitale, upande wa barabara ya Kapenguria. Tulikuwa kumi na wanne. Nusu yetu hawakuwa Marafiki kabisa: kulikuwa na Wakatoliki watatu, nesi mmoja Muislamu aliyesema kwao jambo hili linaitwa itikafu na halihitaji kulipiwa, na kijana mmoja wa Nairobi aliyewahi kukaa siku kumi za Vipassana na aliyetaka kila mtu ajue hilo kabla kimya hakijaanza. Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini hivi, tuliyemwita Mwalimu tu. Yeye ni Rafiki wa Lugulu. Maelezo yake yalichukua dakika tatu. Simu ziingie kwenye kikapu. Tutakaa dakika arobaini, tutembee ishirini, tukae tena. Hakuna kuongea, hakuna kuandikiana vikaratasi, hakuna kukonyezana mezani. Mtu akizidiwa, ainue mkono, watatoka naye nje. "Mengine," alisema, "mtayakuta huko ndani."

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda na nitaisema, ingawa sikuisema siku ile. Baba yangu na kaka yake mkubwa walikuwa hawajaongea kwa miaka mitatu. Si kwamba waligombana wakatukanana, la. Walinyamaziana. Nyumbani kwetu kimya hakikuwa kitu cha kulipia mafungo. Kilikuwa kimejaa tele sebuleni. Nilitaka kujua kama kuna cha aina nyingine.

Ijumaa usiku nilisikia vitu ambavyo mtu wa mjini huwa havisikii: tumbo la jirani yangu, saa ya ukutani, mbwa wa mbali akijibiwa na mbwa wa mbali zaidi, kisha lori la mahindi likibadilisha gia kwenye mlima. Dakika arobaini ni ndefu, manze. Dakika kumi za kwanza nilipanga bajeti. Kumi zilizofuata niligombana kichwani na mtu aliyenidai hela mwaka 2019. Halafu goti likaanza kuuma, na goti likiuma huna tena falsafa, una goti tu. Kengele ilipogongwa nilitaka kuikumbatia.

Jumamosi alfajiri tulipelekwa kutembea Saiwa. Wale wasioijua, Saiwa ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, haifiki hata kilomita za mraba nne. Gari haliingii, ni miguu tu, kwa njia za mbao juu ya kinamasi. Ililindwa kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, swala wa matopeni mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame. Nzohe akiogopa hazikimbii mbio. Huingia majini akajificha mpaka pua tu ndiyo iliyobaki juu. Tulisimama kwenye jukwaa la mbao, watu kumi na wanne wasioongea, karibu nusu saa. Wa kwanza kumwona alikuwa yule nesi. Hakusema. Alinigusa kiwiko tu, nami nikamgusa wa pili yangu, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari. Nimeona wanyama Nakuru na Mara nikiwa na watu wanaopiga kelele "yule, yule, kushoto!" na sikumbuki hata mmoja. Yule nzohe namkumbuka masikio.

Baada ya chai ya asubuhi tulikaa tena, na hapo ndipo akili yangu ilipoacha bajeti na kuingia kwenye swali ambalo limenitesa tangu hapo: hiki kimya kilipotelea wapi? Kwa sababu kama kanisa langu lilizaliwa nacho, mbona nimekuja kukipata kwenye mafungo ya kulipia, tena kando ya kijana wa Vipassana?

Nilipotoka nilianza kusoma. Kwa ufupi ni hivi. Marafiki wa Marekani walibadilika kabla hawajatufikia sisi. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mikutano ya uamsho ilienea majimbo ya kati ya Marekani kama moto wa nyasi, na makanisa mengi ya Marafiki yakashika nyimbo, mahubiri, watu kuitwa mbele kutubu, na wachungaji wa kulipwa. Mwaka 1887 wajumbe wao walikutana Richmond, Indiana, wakaandika tamko la imani lililoonekana la kiinjili kuliko la kimya. Mwaka 1892 mke na mume, Emma na Walter Malone, walifungua chuo cha Biblia mjini Cleveland, Ohio, na kutoka kundi hilo la Cleveland ndiko walikotoka vijana watatu: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imefika ziwani. Vijana hao wakapanda meli, wakapanda treni mpaka Kisumu, wakapanda milima kwa miguu, na Agosti 1902 wakasimama Kaimosi kwenye msitu na mto wenye maporomoko ya kuendeshea kinu cha mbao. Shirika lao liliitwa la kiviwanda, na kweli walikuja na misumeno.

Kimya hawakuja nacho. Hapa ndipo huwa nacheka peke yangu. Watu wanapozungumzia wamishonari husema walituletea hiki wakatunyang'anya kile. Hawa walikuwa wamekwisha kunyang'anywa wenyewe, kwao. Walitupa Ukweka uliokwisha kupitia mkono wa pili, kama koti la mtumba lililokatwa mfuko wa ndani, na sisi tukalivaa miaka mia moja bila kujua kuna mfuko.

Na ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo na mikunjo, nenda mwaka 1927. Mwaka huo, hapo hapo Kaimosi, Chilson aliwahimiza waumini wangoje kumiminwa kwa Roho Mtakatifu. Wakangoja, na Roho akaja, au kilichokuja walikiita hivyo: watu walilia, wakaungama dhambi kwa sauti, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Yaani walifanya kile kile kilichowapa Marafiki wa kwanza jina la watetemekao. Viongozi wengine wa misheni waliogopa. Waliona ni fujo. Walioendelea kuomba kwa namna hiyo walizuiwa, wakasukumwa nje, na kutokana nao yakazaliwa makanisa ya Roho Mtakatifu ambayo hadi leo utayaona Jumapili yakipita barabarani na kanzu nyeupe, ngoma na bendera. Kwa hiyo Mluhya wa 1927 alikatazwa kelele na watu ambao walikuwa wamekwisha kuacha kimya. Alibakishiwa cha katikati: wimbo namba fulani, tangazo, sadaka, hubiri la dakika arobaini na tano. Sisemi ni kibaya. Ndicho kilichonilea. Nasema tu kwamba ncha zote mbili zilikatwa.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya misheni havikunisaidia, na lililonijia pale pale nikiwa nimekaa, Jumamosi mchana, goti likiwa limekufa ganzi. Watu wa Bungoma hawakuhitaji meli iwaletee kimya. Walikuwa nacho.

Mvulana wa Kibukusu anayeingia jandoni, mwezi wa nane wa mwaka usiogawanyika kwa... hapana, unaogawanyika kwa mbili, huimbiwa usiku kucha. Njuga, filimbi, watu mia mbili nyuma yake, alfajiri anapelekwa mtoni anapakwa matope, anarudi na Sioyaye inamsindikiza hadi uani kwa baba yake. Halafu inafika dakika ile. Anasimama, mikono juu, macho mbele. Hapepesi. Hatoi sauti. Na watu wote wale waliokuwa wakipiga kelele tangu jana nao wananyamaza. Binamu yangu husema alisikia jogoo wa boma la tatu. Kama hiyo si taamuli, mimi sijui taamuli ni nini.

Na kuna kumuse.

Kwa msomaji asiye wa huko: akifa mzee wa Kibukusu aliyeheshimika, mwenye wajukuu, aliyeishi akamaliza, siku chache baada ya maziko huitwa mtu maalumu, omuswala kumuse. Si kila anayejua kuongea anaweza kuwa huyo. Ni kipaji kinachofuata koo fulani, na wazee husema ukikishika bila kuitwa kinakugeuka. Huvaa vazi lake la ngozi, hushika fimbo, na watu hukaa chini wakiacha uwazi wa kumtosha kutembea. Kisha anatembea na kusema. Anasema ukoo ulitoka wapi, ulipita wapi, nani alipigana na nani, Mango alimuuaje yule nyoka ndipo jando likaanza, marehemu ameacha nini, na waliobaki waishi vipi. Anatembea anarudi, saa zinaenda. Mzee Manguliechi, ambaye jina lake lilijulikana Bungoma nzima, aliweza kushikilia umati hivyo mpaka jua likabadilisha upande.

Wasomi wakiandika juu ya kumuse huandika juu ya msemaji, na wana haki. Mimi navutiwa na waliokaa. Kumuse inapoendelea huruhusiwi kusimama. Huruhusiwi kupita mbele yake, wala kuzungukazunguka, wala kunong'ona na jirani. Unaketi juani, pamoja na watu ambao pengine mnadaiana mashamba, na mnanyamaza pamoja mpaka amalize. Mwingereza alijenga nyumba ya kimya na ndani yake mtu mmoja husimama akasema. Mbukusu alifanya hivyo hivyo kwenye uwanja, na paa likiwa mbingu. Waliofungua kituo cha Marafiki pale Lugulu, Jefferson Ford akiwa miongoni mwao, walikaa miaka mingi kati ya watu waliokuwa na kitu hiki. Sijui kama kuna jioni yoyote ambayo mmoja wao aliketi nyuma kabisa akasikiliza. Walikuwa na orodha ndefu ya vya kukataza: pombe, tumbaku, ngoma, mila za maziko.

Sasa sababu yangu. Kuka wangu alizaliwa karibu na Lugulu. Akiwa kijana alihamia Trans Nzoia kufanya kazi kwenye shamba la mzungu, enzi ambazo Kitale yote ilikuwa ya wazungu na Mbukusu aliingia huko kama kibarua tu. Uhuru ulipokuja mashamba yakakatwa, akapata kipande, akapanda mahindi, akawa mzee wa kanisa. Watoto wake wakagawanyika kama barabara yenyewe: baba yangu Kitale, baba mkubwa Lugulu. Alipofariki alirudishwa Lugulu, maana shamba ni Kitale lakini kaburi ni nyumbani. Baba mkubwa akasema mzee atafanyiwa kumuse. Baba yangu, ambaye naye sasa ni mzee wa kanisa, akasema mzee alikuwa Rafiki na hatafanyiwa mambo ya giza. Baba alikuwa na pesa za maziko, kwa hiyo akashinda. Tukaleta hema, viti vya plastiki, mshereheshaji, kinanda, na spika za ukubwa wa friji. Baba mkubwa alikaa nyuma siku nzima bila kutoa neno. Hajalitoa tangu hapo, angalau si kwa baba yangu.

Nilikuwa nikiliona jambo hili kama ukaidi wa wazee wawili. Mle kwenye mafungo niliona kwamba lina umri wa zaidi ya miaka mia. Baba yangu alikuwa akitetea kitu alichoambiwa ni dini ya mababu zake wa kiroho, na mababu hao wenyewe wangekishangaa kinanda chake. Baba mkubwa alikuwa akidai umati unyamaze kwa ajili ya baba yake, saa tatu tu, mara moja. Ukiwaweka wote wawili mbele ya George Fox, sina hakika angemchagua nani.

Si wao wa kwanza kuvutana hivyo. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuchezea timu ya Kenya, alilelewa katika Marafiki kabla hajaanzisha Dini ya Msambwa. Serikali ilimtia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, ikamtoa 1947, na mwaka huo huo akaongoza umati mkubwa hadi Chetambe, juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Hebu fikiria: miaka hamsini na miwili watu wale walikuwa wamelala pale bila mtu kusimama na kusema. Ninavyoona mimi, ile ilikuwa kumuse iliyochelewa, ya watu wengi kwa mpigo. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, na watu 11 wakafa. Yeye akapelekwa Lamu, mbali na kila mtu aliyeelewa lugha yake, akazuiliwa huko kwa zaidi ya miaka kumi.

Kumbe kuna kimya cha namna hiyo pia, na eneo letu linakijua vizuri. Barabara ile ile iliyopita kando ya nyumba yetu ya mafungo ndiyo iendayo Kapenguria, alikopelekwa Jomo Kenyatta na wenzake watano kushtakiwa mwisho wa 1952. Palichaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Mawakili walilala Kitale, wakaenda na kurudi kila siku kwenye vumbi. Na miaka ya karibu zaidi, 2006 hadi 2008, Mlima Elgon uliona wapiganaji wa SLDF, halafu Machi 2008 likaja jeshi na operesheni iliyopewa jina zuri, Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika majina ya mamia ya waliouawa na ya waliopotea mikononi mwa pande zote mbili. Wengine hawajaonekana hadi leo. Kule Cheptais kuna mama ambaye akisikia neno kimya hafikirii mto wa kukalia na kengele ya shaba. Kwenye mafungo alikuwepo mtu wa kutoka mlimani. Jumamosi usiku aliinua mkono, Mwalimu akatoka naye, wakakaa nje kwenye ngazi mpaka sisi tukaenda kulala. Sikuuliza, na hata ningetaka kuuliza hairuhusiwi. Lakini tangu hapo nikiona matangazo ya kimya kama dawa ya kila kitu, yenye picha ya jua na mtu mwembamba amekunja miguu, nafikiria zile ngazi.

Jumapili asubuhi kikao cha mwisho kilivamiwa. Saa mbili na nusu kanisa la jirani liliwasha jenereta, likajaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili, na kwaya ikaanza. Yule kijana wa Nairobi alipumua kwa nguvu ya mtu aliyedhulumiwa. Mimi nilijikuta naijua besi ya ule wimbo, vidole vinaitafuta kwenye goti. Kisha kitu kikatokea ambacho sikukitegemea: Mwalimu akasimama. Ilikuwa mara ya pekee mtu kusema kwenye kikao. Alisema bibi yake alikuwa akitoka uani kabla ya jua, anaketi kwenye jiwe, anaelekea mlimani, hasemi na mtu mpaka jua likamguse miguu. Misheni ilimfundisha kusali kwa maneno, akajifunza, akayasema vizuri sana kanisani. Lile jiwe hakuliacha. Mwalimu akaketi. Kwaya iliendelea. Hatukunyamaza vizuri kuliko hapo.

Saa sita tulirudishiwa simu. Yangu ilikuwa na jumbe mia moja na kumi na mbili, tisini za kundi la harusi. Badala ya kurudi mjini nilivuka barabara, nikapanda matatu ya Webuye. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Kondakta alinishusha Lugulu karibu na hospitali, nikamalizia kwa boda.

Baba mkubwa alikuwa uani anaanika mahindi. "Mulembe," nikamwambia, akaitika, akaniangalia kuona kama nimetumwa. Sikuwa nimetumwa. Nikashika reki upande wa pili wa turubai tukatandaza pamoja, na sikuanzisha mazungumzo, jambo ambalo wiki moja kabla nisingeliweza. Labda nusu saa ilipita. Halafu nikamuuliza: "Baba, kama angeitwa omuswala kumuse siku ile, angesema nini juu ya Kuka?"

Aliweka reki chini. Alisema yeye si wa kumuse, hana ukoo wa kuisema, na hilo nilielewe. Nikasema naelewa. Kisha akavuta kigoda, akaniambia niketi chini, pale chini, si kwenye kiti, akaanza na babu wa babu yake, aliyetoka upande wa Uganda na ng'ombe wawili. Nilisikia majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilisikia kwamba Kuka alipokuwa kibarua Kitale alitembea kwa miguu hadi Lugulu, usiku mbili, kuja kumzika mtoto wa kike ambaye hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumtaja, na kwamba baba yangu alipewa jina kwa sababu ya mtoto huyo. Kuku walipita juu ya mahindi na hakuna aliyewafukuza. Simu yangu ililia mfukoni mara mbili. Nilijua ni baba, anataka kujua niko wapi.

Alikuwa bado hajafika kwenye miaka ya uhuru wakati upepo ulipogeuka na wingu likashuka kutoka Elgon. Akanyamaza katikati ya sentensi, akaangalia juu. "Kamata pembe ile," akasema, tukalikunja turubai mbio mbio tukaingiza mahindi ndani.

"Ilikuwa imebaki kubwa," akasema mlangoni, akipangusa mikono. "Utakuja lini tena?" Nikasema Jumamosi. Akafikiri. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati kiasi kwamba ilibidi apaze sauti.

"Huyo wa Kitale," akasema, "bado ana lile gari?"

"Analo."

"Basi si akulete."